Vitafunwa vya kutisha kwa usiku wa filamu: vipi vinafaa kuliwa gizani?

Sebuleni
Wakuu, salaam. Jumamosi tunaangalia filamu za kutisha nyumbani, watu wanane, wakiwemo watoto wawili wa miaka sita. Nataka vitafunwa vyenye sura ya mizuka, maiti na mengineyo ya aina hiyo, ila viwe vya kula kwa mkono, visichuruzike kwenye makochi, na kazi kubwa iishe kabla wageni hawajaingia. Nina oveni ndogo ya trei moja, jiko na friji. Nimefikiria soseji za kuviringishia unga, ndizi zilizochovywa chokoleti nyeupe ziwe mizuka, na chochote chenye "damu". Kipi kitafaa, kipi niachane nacho? Vipimo tafadhali.

Mwiko
Kabla ya vipimo, fikiria mwanga. Taa zikizimwa, jicho hupoteza wekundu kwanza, kwa hiyo damu uliyoihangaikia jikoni itaonekana nyeusi tu mbele ya televisheni. Gizani kinachoonekana ni weupe na umbo. Peleka nguvu huko.

Soseji za sanda basi, yaani zilizoviringishiwa mikanda ya unga kama maiti, ndizo za kwanza. Kwa soseji fupi 16: unga wa ngano gramu 250, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji ya uvuguvugu mililita 150. Kanda dakika nane hadi kumi, funika, uache uumuke kama saa moja. Sukuma hadi unene wa milimita 3, kata mikanda ya upana wa sentimita 1.

Tumia soseji zilizokwisha kuiva kiwandani. Mbichi hutoa mafuta mengi, na sanda inaweza kukauka kabla nyama haijaiva ndani. Zifute kwa kitambaa zikauke kabisa, maana penye maji unga huteleza na kubaki mbichi upande wa ndani. Viringisha ovyoovyo, mkanda upande juu ya mwenzake, acha uwazi wa sentimita moja na nusu kwa ajili ya uso. Usiuvute ukakaza: unga huumuka na soseji hujaa, mkanda uliokazwa hukatika. Oveni nyuzi 200, dakika 15 hadi 18. Usipake yai juu, sanda itageuka rangi ya mkate wa sherehe. Paka maziwa kidogo au usipake kitu.

Macho yawekwe mwisho kabisa: nukta mbili za mayonezi, juu yake punje ya habasoda. Ukiyaweka kabla ya kuoka, mayonezi huyeyuka na kuachana.

Ukizifunga asubuhi, zifunike kwa nailoni ziingie friji hadi jioni. Baridi huipunguza kasi hamira.

Ute na Kiini
Nakubaliana na Mwiko kuhusu weupe, na ndiyo sababu nakushauri uachane na zile ndizi. Lazima zigandishwe ili chokoleti ishike haraka, na zikitoka kwenye friza hutoka jasho, kisha hulainika mkononi. Ndani ya nusu saa kochi lina madoa. Halafu chokoleti nyeupe ni ya deko: tone la maji, au rangi ya chakula ya maji, huigeuza uji mgumu wenye chengachenga. Ikishafika hapo haifai tena kuchovya. Labda uiongezee maziwa ya moto iwe mchuzi wa kumwagia keki.

Mizuka itengeneze kwa merengi, yaani povu la ute wa yai na sukari linalookwa likauke. Ute wa mayai mawili, sukari laini gramu 120, maji ya limau nusu kijiko cha chai. Bakuli liwe la chuma au kioo, lifutwe kwa limau, kwa sababu mafuta kidogo au chembe ya kiini huzuia povu kusimama. La plastiki huficha mafuta hata likioshwa.

Piga ute na limau hadi ncha za povu zianze kusimama na kuinama, ndipo uongeze sukari kijiko kimoja kimoja. Sugua povu kati ya vidole: ukisikia mchanga, endelea kupiga. Sukari isiyoyeyuka ndiyo hutoa vijitone vya shira chini ya mizuka wakati wa kuoka.

Tia kwenye mfuko wa nailoni, kata pembe ya sentimita 1, minya juu ya karatasi ya kuokea, kisha uvute juu ghafla upate ncha. Nyuzi 100, saa moja na nusu, zima oveni na uiache mizuka humo ipoe. Ukifungua mlango mapema inaweza kupasuka. Macho chora kwa chokoleti nyeusi na kijiti cha meno.

Oka Ijumaa, maana kwa trei moja huwezi kuichanganya na soseji za nyuzi 200. Hifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, si kwenye friji: merengi hunyonya unyevu na kuwa nata.

Sebuleni
Asanteni, ndizi nimezifuta. Bisi je? Niliwaza kuzifunika utando wa buibui wa mashimelo (zile peremende laini kama sifongo) yaliyoyeyushwa. Na damu ndiyo basi tena?

Mwiko
Utando ule ni mzuri kwenye picha tu. Haukauki, kila anayetia mkono anaondoka na nyuzi zake hadi kwenye rimoti.

Bisi ziache nyeupe: mahindi ya bisi gramu 100, mafuta vijiko vitatu vya chakula, sufuria kubwa yenye mfuniko ulioachwa wazi kidogo. Mvuke ukikosa pa kutokea, bisi huwa kama mpira. Ziwe chumvi tu, kwenye vikombe vya karatasi vilivyochorwa macho mawili kwa kalamu nyeusi. Kila mtu na chake, mikono haigongani gizani.

Damu iwe ya kuchovyea soseji: sosi nzito ya nyanya kwenye vibakuli vyeupe. Jaribio ni kugeuza kijiko. Ikidondoka mara moja, ichemshe zaidi. Usiimwage juu ya mizuka, merengi huyeyuka.

Tone la Mwisho
Nyongeza fupi kwa sababu ya watoto. Wakiomba macho ya zabibu mbichi, zikate kwa urefu vipande vinne, maana nzima huziba koo. Weusi wa popo na buibui upate kwa kakao. Unga wa mkaa unaouzwa kwa ajili ya chakula unaweza kuzuia dawa za kumeza zisifanye kazi, na huwezi kujua mgeni gani anatumia dawa. Barafu kavu (hewa ya kaboni iliyogandishwa) ya kutoa moshi kwenye vinywaji iache kabisa, kipande kikimezwa huunguza kwa baridi.

Na soseji zitoke ovenini dakika kumi kabla ya filamu kuanza. Ndani hubaki na moto kuliko unga wa juu unavyoonyesha, na gizani hakuna atakayeona mvuke.