Mtakatifu Filomena: ile hadithi ya maisha yake tuendelee kuifundisha?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja inazunguka kwamba Roma "ilimfuta" Filomena mwaka 1961, kwa hiyo akina Filomena wote watafute somo (mtakatifu wa jina) mwingine. Si kweli. Kilichoondolewa mwaka ule ni sikukuu yake ya Agosti 11 kwenye kalenda za liturujia. Anayesali novena yake (sala ya siku tisa) nyumbani hajakatazwa.

Ninachogombana nacho ni hadithi. Vijitabu vinasimulia binti mfalme wa Kigiriki aliyemkataa Kaisari Dioklesiano, akafungwa nanga na kutoswa mto Tiber, akapigwa mishale, mwisho akakatwa kichwa. Haya yametoka wapi? Mwaka 1802, kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, Roma, lilifunguliwa kaburi la msichana mdogo. Lilizibwa kwa vigae vitatu vya udongo vyenye michoro ya nanga, mishale na tawi la mtende, na maandishi LUMENA, PAXTE, CUM FI. Chukua kigae cha kwanza ukiweke mwisho, unapata "Amani iwe nawe, Filumena". Basi! Hamna mwaka, hamna Kaisari. Mengine yote ni maono ya sista mmoja wa Napoli, yaliyosambazwa kuanzia 1833. Na mwanaakiolojia Orazio Marucchi alishasema vigae vyenyewe vilikuwa vya kaburi la zamani zaidi, vikatumika tena, kwa hiyo hata jina hilo huenda si la msichana huyo.

Mchangiaji: Mkuu, na Pauline Jaricot, yule mlei Mfaransa, je? Mwaka 1835 alifika Mugnano, mji karibu na Napoli yalipo masalia (mifupa) ya Filomena, akiwa mahututi kwa ugonjwa wa moyo, akaondoka mzima. Padre Vianney wa Ars, Ufaransa, mgonjwa akipona, anasema ni Filomena. Papa Gregori XVI akaruhusu sikukuu 1837. Wote hao walidanganyika?

Mleta mada: Nani kasema? Jaricot alikwenda kusali mbele ya masalia, hakuponywa na kijitabu. Mugnano waacheni na Filomena wao. Ninachopinga ni katekista kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza maono ya mtu binafsi kana kwamba ni kumbukumbu za mahakama ya Kirumi. Na hivi tunaye Perpetua wa Karthago, aliyeuawa mwaka 203, ambaye tunasoma hadi leo alichoandika gerezani, baba yake akimbembeleza aikane imani huku mtoto wake bado ananyonya. Huyo mbona novena yake hatuisikii kwenye jumuiya zetu?