Mjadala: Mji wa elfi ukikaa njiani mwa barabara, nani ampishe mwenzake?

Swali ninaloliweka mezani ni hili. Serikali inataka kujenga barabara, wenyeji wanasema mwamba ulio katikati ya njia hiyo ni makao ya elfi, viumbe wasioonekana wa simulizi za kale. Barabara ipindishwe, mwamba uhamishwe, au tingatinga lipite tu? Huko Aisilandi, nchi ya kisiwa kaskazini mwa Ulaya, swali hili si la kupigia soga wakati wa baridi. Limeshafika kwa wahandisi, kwa polisi na mahakamani.

Kwa wasiowajua, elfi wa Aisilandi si vijitu vyenye kofia ndefu. Wenyewe huwaita huldufólk, yaani watu waliofichika. Wana kimo kama chetu, wanafuga, wanaoana, wanasali, ila makazi yao ni ndani ya miamba na vilima, na huwaoni mpaka watake wao. Asili yao husimuliwa hivi: Mungu alimtembelea Hawa, naye akawatoa watoto aliokwisha kuwaogesha. Wale ambao walikuwa bado wachafu akawaficha kwa aibu. Alipoulizwa kama anao wengine, akasema hana. Akaambiwa kwamba alichokificha mbele ya Mungu kitafichika mbele ya wanadamu. Uzao wa watoto wale ndio huldufólk. Mimi simulizi hii hunigusa kila ninapoikumbuka, kwa sababu inawafanya ndugu zetu wa tumbo moja, waliokosa tu kuogeshwa kwa wakati.

Mji wao mkuu unajulikana ulipo. Mashariki kabisa mwa nchi, kwenye ghuba iitwayo Borgarfjörður eystri, pana kijiji kidogo cha Bakkagerði, na pembeni yake kilima cha mawe kiitwacho Álfaborg, ngome ya elfi. Inasemekana malkia wao anakaa humo. Ukikitazama ni kilima tu, unakipanda kwa dakika chache bila kutoka jasho. Lakini ghuba yenyewe imepewa jina kwa ajili yake. Ndani ya kanisa la kijiji, mchoraji Jóhannes Kjarval, aliyekulia ghuba hiyohiyo, alichora mwaka 1914 picha ya madhabahuni inayomwonyesha Yesu akihubiri mlimani. Kilima anachosimama juu yake ni Álfaborg. Waumini wanasali wakikitazama kwenye picha, wakitoka nje wanakikuta palepale.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Karibu na mji mkuu Reykjavík kuna rasi ya Álftanes, yaliko makazi ya rais wa nchi. Barabara ya kwenda huko ilipangwa kupita Gálgahraun, uwanda wa lava iliyoganda maelfu ya miaka iliyopita. Juu ya mawe yale hutambaa mimea laini, minene kama godoro, na ukiikanyaga alama ya mguu wako inaweza kubaki miaka mingi. Katikati ya njia palikuwa na mwamba uitwao Ófeigskirkja, unaoaminika kuwa kanisa la elfi. Watetezi wa uwanda huo walikwenda mahakamani. Oktoba 2013, shauri likiwa halijaisha, mashine ziliingia kazini. Watu wakaketi chini mbele ya tingatinga, polisi wakawabeba mmoja mmoja. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo Ómar Ragnarsson, mwanahabari wa televisheni anayejulikana nchi nzima, akiwa na umri wa miaka 73. Watu tisa wakashtakiwa na kutiwa hatiani. Barabara ikajengwa. Mwaka 2015 kreni ikauinua mwamba ule mzito wa makumi ya tani na kuuweka kando.

Wengi walishangilia: barabara imepatikana, elfi wamehamishwa salama, kila mtu ameridhika. Mimi siafiki. Kwa maoni yangu, kuhamisha mwamba ndiyo suluhisho baya kuliko yote matatu, na nitaeleza kwa nini.

Elfi hawakusemwa kuwa wanaishi kwenye jiwe kama konokono kwenye kombe lake. Walisemwa kuwa wanaishi pale. Kanisa lina njia ya kuliendea, lina majirani, lina upande linakoelekea. Sheria ya nchi hiyo ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2012 inalielewa hili vizuri: inalinda mahali panapohusishwa na mila, imani na simulizi za watu, pakiwa pamefikisha miaka 100 au zaidi. Inalinda mahali. Ukishalibeba jiwe ukalitua kando ya lami, umebaki na jiwe. Mtoto anayeuliza "kanisa la elfi liko wapi?" ataonyeshwa mwamba usiotazamana na chochote, na mzazi itabidi aanze kueleza habari za kreni.

Nimezisoma hoja zenu, na baadhi yake ni nzito.

Mmoja wenu ameuliza tunawezaje kupoteza fedha za umma kwa ajili ya viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwapiga picha. Ndugu yangu, hakuna anayekulazimisha kuamini. Waaisilandi wenyewe wakiulizwa, wachache ndio wanaosema kwa uhakika kwamba huldufólk wapo, na wachache vilevile ndio walio tayari kuapa kwamba hawapo. Walio wengi wanasimama katikati, na mimi naona hapo pana hekima. Isitoshe, gharama unayoihofia mara nyingi ni ndogo sana. Mjini Kópavogur kuna kilima kiitwacho Álfhóll. Husimuliwa kwamba kila wajenzi wa barabara walipojaribu kukivunja, vifaa vyao viliharibika. Leo barabara hupungua upana inapofika hapo, dereva anapunguza mwendo kidogo, na kilima kimekaa kwenye nafasi yake. Hasara hapo ni sekunde ngapi?

Mwingine amesema elfi ni kisingizio cha wanamazingira. Hapa lazima haki itendeke. Wengi wa walioketi Gálgahraun hawakuwataja elfi hata kidogo. Walikuwa wakitetea lava, njia za kale za waenda kwa miguu, na maeneo ambayo Kjarval, yuleyule wa picha ya kanisani, alikwenda kuchora miaka mingi. Vyombo vya habari vya nje ndivyo vilivyowashika elfi, maana kichwa cha habari chenye elfi kinasomwa. Watu wazima waliobebwa na polisi kwa ajili ya ardhi yao wakageuzwa kichekesho duniani. Hilo liliniudhi nilipolisoma wakati ule, na bado linaniudhi.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya usalama. Mchangiaji mmoja ametukumbusha kwamba waliotaka barabara mpya walisema ile ya zamani ilikuwa ya hatari, na akauliza kama niko tayari kumwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba mwamba ulikuwa na thamani zaidi. Siko tayari. Ikithibitika kwamba hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha, barabara na ipite. Ila kabla ya hapo nataka nione michoro mingine iliyojaribiwa, nione mahakama imeachwa imalize kazi yake, ndipo mashine ziwashwe. Na wakishapita, waseme wazi kwamba wamepaharibu mahali pale kwa sababu hii na hii. Wasiinue jiwe kwa kreni kisha wakaita hifadhi. Mtu akikuvunjia nyumba akakupa mlango wake, hajakuhamisha.

Wapo pia wanaosema elfi wa Gálgahraun walipewa muda na wakakubali kuondoka, kwa ushahidi wa watu wanaodai kuwasiliana nao. Siwadharau watu hao. Nasema tu kwamba ruhusa iliyopatikana wakati tingatinga limeshawashwa ni ruhusa ya namna ya pekee, iwe imetolewa na elfi au na binadamu.

Kwa wanaodhani haiwezekani kufanya vingine, watazame Siglufjörður, kaskazini. Agosti 2015 mvua kubwa ziliporomosha udongo barabarani. Wafanyakazi waliokuwa wakisafisha wakautupa juu ya mwamba unaojulikana kuwa wa mwanamke wa kielfi, wakaufukia bila kukusudia. Baada ya hapo yakafuatana mafuriko na ajali za kazini, watu wakaanza kunong'ona. Mwaka uliofuata mamlaka ya barabara ikakubali: mwamba ukafukuliwa na kuoshwa kwa maji ya presha, palepale ulipokuwa. Hakuna aliyesema uhamishiwe mahali penye nafasi. Nampa heshima yangu yote yule aliyeshika ule mpira wa maji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: barabara ijikunje kwanza, ikishindikana ivunje na ikiri, lakini jiwe lisibebwe. Anayetetea kuhamisha naomba anijibu jambo moja. Siku mkandarasi atakapofika Bakkagerði na ramani yake, ngome ya malkia mtaibeba muipeleke wapi, na ile picha ya madhabahuni mtaifanyaje?