Nyumba ina pul na mtoto wangu ana miaka miwili, nisaini mkataba?

Mama Nasra
Habari zenu wakuu, tumepata nyumba ya kupanga huku Mbezi Beach, kodi sio mbaya, shida nyuma kuna swimming pul na jakuzi pembeni yake na mimi mtoto wangu hatulii, ukigeuka tu keshatoka. Mwenye nyumba anasema nisiwe na presha, ukuta ni mrefu, geti linafungwa muda wote, na maji atayafunika na turubai. Mume wangu anaona inatosha, na dada wa kazi yupo. Mimi moyo haujatulia kabisa. Wenye nyumba za hivi mnafanyaje?

Fundi Grili
Dada usisaini kwanza. Ukuta unamzuia mtoto wa jirani, wako yeye anakaa humo humo ndani, siku mlango wa jikoni umesahaulika wazi hakuna chochote kati yake na maji. Unatakiwa uzio unaoizunguka pul yenyewe pande zote nne, na ukuta wa nyumba usihesabiwe kama upande mmoja. Nachomelea grili kwa hiyo nakwambia vipimo: urefu usipungue mita 1.2, vyuma visimame wima na nafasi kati yake isifike sentimita 10, na kule katikati msiweke vyuma vya kulala kwa sababu mtoto anavigeuza ngazi. Kageti kafungukie nje, sio upande wa maji, kawe na bawaba za springi kajifunge kenyewe, komeo liwe juu asikofika. Afu viti na ndoo zikae mbali, wanaburuta wanapandia hao. Australia wenye pul majumbani wanalazimishwa na sheria kuweka uzio, huku kwetu ni wewe mwenyewe ubanane na mwenye nyumba, mwambie mgawane gharama au akate kwenye kodi.

Nesi wa Zamu
Fundi kasema vizuri, na mimi hilo turubai ndo limenitisha zaidi. Turubai la kuelea mtoto analiona kama sakafu, anakanyaga linadidimia nae halafu linamfunika, wewe ukichungulia unaona turubai tu. Na msitegemee kusikia kelele, mtoto mdogo anazama kimya, hapigi maji wala haiti mama, na wengi wanaozama kwenye pul za nyumbani hata hawakuwa wanaogelea muda huo, watu wazima walijua yuko sebuleni anacheza. Kwa hiyo midoli isibaki ikielea maana ndo inayomwita.

Jakuzi nayo ikague tundu la chini la kunyonyea maji. Marekani mwaka 2002 mjukuu wa James Baker, yule aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, binti wa miaka 7, alinaswa na tundu hilo kwenye jakuzi, mama yake akavuta akashindwa, mpaka wanaume wawili wakavuta hadi kifuniko kikavunjika na bado alifariki. Mwaka 2007 wakatunga sheria yenye jina lake kuhusu hivyo vifuniko. Kama kifuniko kimepasuka au hakipo mtu yeyote asiingie.

Mama Nasra
Asanteni sana, mume wangu nimemsomea yote kanyamaza. Na yale maboya ya kuvaa mikononi je? Na ikitokea Mungu apishe mbali, tunaanzia wapi?

Nesi wa Zamu
Maboya yanachomoka na yanaisha pumzi, mtoto akiwa majini mtu mzima awe nae humo humo, umbali wa mkono, simu aiache ndani. Ikitokea mtoeni, asipopumua msimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo, mpulizieni pumzi tano kwanza ndo mkandamize kifua, huku mwingine anatafuta gari. Jifunzeni kwa vitendo, waulizeni Msalaba Mwekundu, na dada wa kazi aende pia maana mchana yeye ndo anabaki nae.

Baba Juniour
Kwa sisi tusio na pul, ndoo na mapipa ya maji pia jamani. Mtoto anayejifunza kutembea akiinamia ndoo kichwa kinamzidi uzito, hawezi kujitoa. Fungeni mifuniko.