Leflunomidi imeachwa miezi minne, bado imo kwenye damu. Tuitoeje?

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Mama wa miaka 31, ana baridi yabisi, alikuwa akitumia leflunomidi mg 20 kwa siku. Ameiacha miezi minne sasa, anataka kubeba mimba. Ini na figo viko salama, ila dawa, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, bado iko juu ya 0.02 mg kwa lita, kikomo cha kuruhusiwa mimba. Inakwama wapi?

Dawa_na_Ini: Haijakwama, inazunguka. Mwilini leflunomidi hugeuka teriflunomidi, na ini huimwaga hiyo utumboni pamoja na nyongo. Badala ya kutoka yote na choo, nyingine hunyonywa tena, inarudi kwenye ini, safari inaanza upya. Figo nazo haziipati kirahisi, maana zaidi ya asilimia 99 imeshikana na protini za damu. Kuna wanaokaa nayo hadi miaka 2, kwa hiyo miezi minne si ajabu.

Mfamasia wa Zamu: Idakeni utumboni. Kolestiramini g 8 mara tatu kwa siku, siku 11. Yenyewe haiingii kwenye damu. Inaishika teriflunomidi na kutoka nayo chooni. Pakiti ya kawaida ina g 4 za dawa (unga wote huwa mzito zaidi kwa sababu ya sukari, msipime kwa mizani), kwa hiyo pakiti 2 kila dozi, jumla 66. Ziwepo zote kabla hajaanza. Asibwie unga mkavu, utamkaba. Akoroge kwenye maji, mililita 150 hivi kwa kila pakiti. Hauyeyuki, punje zitabaki, basi asuuze glasi na kunywa yale masuuzo. Ikikosekana, mkaa wa dawa g 50 mara nne kwa siku, siku 11. Mkaa wa jiko haufai kabisa.

Dawa_na_Ini: Naongezea: kolestiramini haichagui. Dawa nyingine azimeze saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye. Vidonge vya majira visitegemewe siku hizo, watumie kondomu. Na choo kitakuwa kigumu, anywe maji ya kutosha.

Mleta uzi: Siku 11 zikiisha, ruksa?

Mfamasia wa Zamu: Bado, dada. Pimeni, mrudie baada ya siku 14 au zaidi. Vipimo vyote viwili viwe chini ya 0.02. Kisha mwezi mmoja na nusu, ukihesabu tangu kipimo cha kwanza kilichoshuka. Kikigoma kushuka, rudieni kolestiramini.