Mjadala: Je, viumbe wa modi (nyongeza zinazotiwa kwenye mchezo) waachwe wasitoweke kwenye seva yetu ya mchezo wa Minecraft?

Msimamizi: Wadau, katika toleo la Java, yaani lile la kompyuta, adui aliye mbali na kila mchezaji kwa zaidi ya bloku 128 huondolewa papo hapo, na akipita bloku 32 huweza kuondolewa kwa bahati nasibu. Wachezaji wanalalamika kwamba humwona kiumbe adimu wa modi, wakaenda kuchukua silaha, na wakirudi hayupo. Napendekeza viumbe wote wa modi wawe wa kudumu. Seva inalemewa zaidi na mitambo ya kuvunia mazombi kuliko viumbe hao.

Mjenzi: Mkuu, sentensi yako ya mwisho imeniuma. Mchezaji akiwa peke yake, kikomo cha adui wanaoruhusiwa kuwepo kwa wakati mmoja ni 70, na mtambo wangu huwaua mara tu wanapozuka, kwa hiyo hawarundikani. Mapango yote ya jirani nimeyawekea taa kwa mkono wangu. Kazi hiyo haistahili kuitwa mzigo.

Msimamizi: Sikukutaja wewe, ndugu yangu. Hata hivyo, nyama na mifupa isiyookotwa hukaa chini dakika 5, na seva huihesabu muda wote huo.

Mjenzi: Kwangu faneli, kile chombo kinachovuta vitu vilivyoanguka juu yake, huokota kila kitu. Njoo ukague kabla ya kutoa hukumu.

Mchimbaji: Taa hizo nazo zimepitiliza. Adui huzuka penye mwanga wa 7 kushuka chini, kwa hiyo ni lazima kuzibananisha, na mapango yamepoteza sura yake.

Mfugaji: Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, adui wengi wa juu ya ardhi na mapangoni huhitaji mwanga wa taa uwe 0, kwa hiyo taa chache zinatosha. Lakini jamani, tumeliacha swali lenyewe. Kiumbe wa kudumu hahesabiwi kwenye kikomo kile cha 70, maana yake mchezo utaendelea kuzusha wengine kana kwamba yeye hayupo, na kila mchezaji akipita seva italazimika kuwaendesha wote kwa pamoja. Tukiwafanya wote kuwa wa kudumu, baada ya muda seva itashindwa kutimiza tiki 20 (mapigo ya mchezo) kwa sekunde. Anayemtaka kiumbe fulani amvishe lebo ya jina, naye hatatoweka.

Mchimbaji: Lebo haitengenezwi mezani katika matoleo tuliyozoea, mgeni ataitoa wapi?

Mfugaji: Huvuliwa kwa ndoana, hupatikana kwenye masanduku ya migodini, na wakutubi wa vijijini huiuza kwa zumaridi.

Mjenzi: Basi msimamizi aweke lebo za bure pale wageni wanapoanzia. Nami bado nasubiri mtambo wangu ukaguliwe.

Msimamizi: Lebo nitaziweka. Kuhusu mitambo, naomba kila mmoja awe na swichi ya kuuzima asipokuwepo.

Mjenzi: Nisipokuwepo hapo karibu hakuna kinachozuka. Swichi hiyo itazima nini?