Poti ya printa, Arduino au kadi ya nje: ipi itoe mapigo ya mota za CNC?

FundiRuta: Wakuu, habari zenu. Naunda CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao. Mota ni za hatua 200 kwa mzunguko, draiva (vifaa vya kuendesha mota) DM542 nimeziweka 1/8, yaani kila hatua imegawanywa mara nane, skrubu inasogea mm 5 kwa mzunguko. Nataka kasi ya mm 3,000 kwa dakika. Nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye poti ya printa. Niitumie, au ninunue Arduino, ile bodi ndogo yenye chipu?

mzeewagia: Mkuu, anza na hesabu. Kila pigo la umeme linasogeza mota sehemu moja ya hatua, kwa hiyo 200 mara 8 ni mapigo 1,600 kwa mzunguko; gawa kwa 5, ni 320 kwa kila mm. Kasi yako ni mm 50 kwa sekunde, yaani mapigo 16,000 kwa sekunde: pigo moja kila maikrosekunde 62.5.

Kwa LinuxCNC (programu ya kuendesha CNC) na poti ya printa, prosesa yenyewe ndiyo inapiga, na inaamka kwa vipindi. Ukiweka kipindi cha maikrosekunde 25, haiwezi kupiga kwenye 62.5. Itapiga moja baada ya 50, jingine baada ya 75. Wastani uko sawa, ila mota haifuati wastani, inafuata kila pigo. Kasi ikiwa ndogo hutaona kitu. Ukikaribia kikomo cha mota inaanza kunguruma, kisha inaruka hatua, na programu haina habari. Inaendelea kuchonga pembeni ya mstari.

bintiumeme: Usiitupe kabla hujaipima, kaka. Endesha latency-test, programu ya LinuxCNC inayopima kompyuta inachelewa kuamka kiasi gani, na wakati inapima cheza video na nakili mafaili makubwa. Chini ya maikrosekunde 20 ni safi. Kati ya 30 na 50 inafaa, ila kasi utaipunguza. Ikifika 100, tafuta kompyuta nyingine. Zima pia mambo ya kuokoa umeme kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta).

Juma_K: Mimi nina laptopu tu. Vipi ule waya wa USB wa kuunganisha printa za zamani?

mzeewagia: Hapana, mdogo wangu. USB ya kawaida inasafirisha data kwa fremu za milisekunde 1, na ndani ya muda huo mwenzako anahitaji mapigo 16. Wewe chukua Arduino Uno yenye GRBL, programu ya CNC inayokaa ndani ya chipu yake. Laptopu inatuma mistari ya G-code (amri za mwendo), muda wa mapigo unapimwa na chipu hiyo. Windows ikikwama, mashine itasubiri tu, haitaruka hatua. Inafika mapigo 30,000 kwa sekunde, kwa mihimili (pande za mwendo) mitatu.

bintiumeme: Ukitaka mihimili zaidi ndipo kadi kama Mesa 7i76E inalipa. Inaunganishwa kwa Ethernet na mapigo inayatengeneza yenyewe. Kwa ruta ya mbao ya mihimili mitatu naona ni gharama ya bure.

FundiRuta: Nimepima, imefika 70 video ikicheza. Naenda na Uno. Draiva inataka pigo la upana gani?

mzeewagia: DM542 inataka angalau maikrosekunde 2.5. GRBL inakuja na 10, iache hivyo hivyo.