Sikukuu ya kwanza baada ya kufiwa na mzazi, mlifanyaje? Tupeane uzoefu

Kitinda mimba wa Kibosho

Wakuu habari za jioni. Mzee wetu alitutoka mwezi wa nne mwaka huu, tukamzika nyumbani Kibosho, kihambani, yaani shamba letu la ukoo pale nyumbani, pembeni ya migomba yake mwenyewe. Zile wiki za msiba mtu hujielewi, kuna kamati, kuna michango, kuna wageni wa kulisha, hata muda wa kulia vizuri huna. Uzito wenyewe ndo nauona sasa hivi, maana Desemba hiyo imeingia na sisi Wachaga mnatujua, ikifika tarehe 20 Dar hatukai, tunapanda nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi.

Mzee ndo alikuwa anatuita. Kila mwaka kuanzia Novemba anapiga simu kwa mmoja mmoja, unakuja lini, unakuja na nani, mbuzi nimeshatenga. Na mbuzi mwenyewe anafugiwa ndani, analishwa majani mpaka ananona, mzee alikuwa anataka ufike umwone akiwa bado mzima. Akishachinjwa anagawa nyama yeye, hii ya baba mdogo, hii ya shangazi, hii ya wakwe, hakosei na hakuna anayebisha. Mwaka huu Novemba nzima simu haijaita, na group la familia WhatsApp limenyamaza kimya.

Mawazo yamegawanyika. Dada mkubwa anasema mwaka huu kila mtu akae alipo, tupumzike. Kaka anataka mama ashuke Dar. Mama kakataa, anasema ng'ombe atamwachia nani, na baba yenu mnataka abaki peke yake huku. Mimi ndo wa mwisho, kwa mila zetu nyumba ya wazazi inaniangukia mimi, na moyo unaniambia twende wote. Ila naogopa tukifika tukae tunaangaliana tu mpaka siku ya kuondoka.

Mliopitia hili, mlienda au mlibaki? Zile kazi za marehemu alizishika nani? Naomba mniambie ilivyokuwa, hata kama haikuwa nzuri.

Mama Mkuu Rombo

Pole sana mdogo wangu. Sisi baba alifariki 2016 na Desemba ile ile tukapanda wote Rombo. Nakwambia ukweli tarehe 24 jioni ilikuwa ngumu, kila gari likipita barabarani mama anageuza shingo. Watoto wadogo ndo waliuliza mapema, babu yuko wapi, na sisi watu wazima tukabaki kimya mpaka mama mwenyewe akawashika mikono akawapeleka kaburini akawaonyesha. Baada ya pale hewa ikawa nyepesi kidogo, maana jina lake lilikuwa limeshatajwa.

Kuhusu mbuzi. Usiku ule kabla ya Krismasi kaka yetu mkubwa alikaa na mama jikoni wawili tu, akamuuliza, mama unataka nani achinje na nani agawe. Mama akasema mwaka huu baba mdogo wenu, mwakani tutaona. Basi. Asubuhi baba mdogo akashika kisu, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kikapikwa kama siku zote, mbege yetu ya ndizi ilipokuja akanyweshwa yeye kwanza na hakuna aliyenung'unika kwa sababu neno lilikuwa limetoka kwa mama. Mwaka uliofuata mama akasema sasa ni kaka yenu. Ninachokushauri muulizeni mama MAPEMA, msiamue Dar kwenye group halafu mkamfikishia maamuzi.

Halafu kitu kingine kilichotusaidia sana, tarehe 26 hatukukaa sebuleni. Tulitoka wote kihambani, wanaume kwa wanawake, tukakata majani makavu ya migomba, tukasafisha kaburi, wengine wakapeleka majani kwa ng'ombe. Ile kazi ndo ikafungua midomo. Mtu anakata jani huku anasema, huu mgomba mzee aliupanda mwaka ule nimemaliza darasa la saba, mwingine anaongezea, mpaka jioni tulikuwa tumemzungumza mzee kuliko siku zote za msiba.

ushago wa magharibi

Mimi naandika kutoka Kenya, kwetu ni upande wa Kakamega. Hiyo ya nani anagawa nyama imenigusa kabisa kwa sababu sisi Waluhya yetu iko kwa kuku. Kuku akichinjwa, firigisi, sisi huita imondo, ni ya mwenye boma. Mgeni hapewi, mtoto hapewi, huyo ni baba.

Krismasi ya kwanza bila yeye sahani ililetwa mezani na imondo iko pale juu, na kila mtu akaangalia kando. Mimi ni firstborn, watu walikuwa wanangoja mimi nichukue na mkono wangu ulikataa. Nikaichukua nikaweka kwa sahani ya mama. Mjomba mmoja alikasirika, akasema hiyo sio desturi, akataka kusimama. Mama akaikata vipande vidogo vidogo akagawia wajukuu wote, kila mmoja akaonja. Mjomba akakaa. Sijasema desturi itupwe, mwaka wa pili niliila mimi na sikuona shida, lakini ile siku ya kwanza sikuwa tayari kukaa mahali pa babangu na nadhani mtu asilazimishwe.

Bint Ng'ambo

Kwetu Unguja ni sikukuu ya Idi, na aliyeondoka ni mama, na mama akiondoka mambo yanakuwa mengine kabisa, kwa sababu kule kwenye mbuzi mnatafuta wa kushika kisu, huku sisi jiko zima lilikuwa yeye. Mamangu Mungu amrehemu alikuwa anapika bokoboko la sikukuu mosi. Ngano anairoweka, nyama anaiweka jikoni usiku, anaamka na kukoroga kwa mwiko mpaka inashikana, asubuhi wanaume wakirudi kusali Idi wanakuta sahani ziko tayari na samli juu. Majirani wote walikuwa wanalijua bokoboko lake.

Idi ya mwanzo mie na mdogo wangu tukasema tutapika sisi. Tulikesha. Tulipika huku tunalia, mmoja anakoroga mwengine anafuta machozi tunabadilishana. Baba alipolionja alinyamaza sana halafu akasema lina chumvi ya kutosha. Neno lile tu, na mie mpaka leo nalishika.

Idi ya pili baba kaoa. Nalisema hili kwa sababu watu wanalikwepa. Mamangu hajatimiza mwaka na kuna mwanamke mwengine jikoni mwake, anatumia masufuria yake. Ndugu zangu wa kiume waligoma kuja, wakenda kusali msikiti mwengine kabisa. Mie nilikwenda. Yule bibi akanambia njoo unioneshe mama yako alikuwa akipika vipi, baba yako kaniambia hakuna anayejua ila wewe. Nilisimama mlangoni kwanza. Mwisho nikaingia, tukapika. Sikusema kuwa nimempenda siku ile, ila nilimuona baba anakula na watu nyumbani kwake siku ya sikukuu, na watoto wanaingia kuomba sikukuu yao wanapewa kama zamani, nikaona mamangu mwenyewe angetaka hivyo. Wale kaka zangu walichukua muda mrefu, sasa wanakuja.

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Mimi natofautiana kidogo na wengi humu. Mama yangu ndo alikuwa anatuunganisha, alipofariki kukawa na maneno kuhusu hela za matibabu, nani alitoa nani hakutoa, mbele ya jeneza. Desemba ilipofika nikaomba zamu ya Krismasi kazini makusudi. Nilifanya kazi mchana kutwa wodini, kuna wazee waliolazwa ambao hakuna mtu alikuja kuwaona siku hiyo, nikawa nakaa nao nikipata nafasi, jioni nikawasha mshumaa nikasali rozari kwa ajili ya mama nikalala. Na ilikuwa sikukuu nzuri kwangu. Kwa hiyo kama dada yako mkubwa anasema anataka kupumzika msimwone hana mapenzi na mzee, hujui anachokiogopa kule nyumbani. Muulizeni taratibu.

Kitinda mimba wa Kibosho

Asante sana dada nesi, hili sikuwa nimelifikiria. Dada ndo alimuuguza mzee miezi yote ile, alilala naye hospitali. Nitampigia leo, nitampigia yeye mwenyewe siyo kwenye group.

Mzaliwa wa kwanza

Naongezea upande wa hela maana hausemwi. Baba alipoondoka mwaka wa kwanza kila kitu kiliniangukia, nauli za wadogo, sukari na mchele wa nyumbani, sadaka ya misa, saruji na marumaru za kujengea kaburi, na ada za Januari ziko mlangoni zinakusubiri. Wadogo hawana ubaya, wamezoea kwamba kuna mkubwa. Mwaka uliofuata tukakaa tukagawana, mmoja mbuzi, mmoja vyakula, mmoja kaburi, na aliye chuo akapewa kazi ya kwenda wiki moja kabla kumsaidia mama usafi. Ujenzi wa kaburi tuliusogeza mbele mpaka tukajipanga, na mama hakuwa na shida kabisa, presha ilitoka kwa majirani. Nauli nazo katika msimu huu zinasumbua, kateni tiketi mapema pale stendi ya Magufuli, au angalieni treni, ile ya Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20 na kwa familia kubwa yenye watoto inaleta unafuu.

Karani mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi mahakama ya mwanzo muda mrefu na ninawaomba jambo moja. Desemba ndo ukoo wote unakutana, kwa hiyo watu wanaitisha kikao cha mirathi hapo hapo, wengine usiku wa tarehe 24 watu wameshakunywa. Nimeona kesi nyingi sana zilizoanzia kwenye kikao cha namna hiyo. Pitisheni Krismasi kwanza. Tarehe 27 au 28 asubuhi kaeni, mama awepo na watoto wa kike wawepo, andikeni muhtasari, wote mtie saini, mpendekeze msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo cha RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vifo, kama hamjachukua mfuatilie ofisi ya mkuu wa wilaya, halafu muhtasari na cheti ndo mnakwenda navyo mahakamani. Na aliyeteuliwa ajue kwamba msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, kihamba hakijawa chake kwa sababu jina lake limeandikwa kule. Hapo ndipo ndugu wengi wamegombana bure.

Tanga mpaka Muscat

Baba alifariki Tanga mimi niko Muscat kazini, kwetu mtu anazikwa haraka, siku ile ile, sikuwahi hata kuuona uso wake. Nilifuatilia kwenye simu ya mjomba. Nikakaa hivyo hivyo mpaka Idi kubwa, na Idi kubwa huku ni jambo kubwa, familia ninayofanyia kazi wanazika shuwa, nyama inakaa chini ya ardhi kwenye moto siku nzima na zaidi, wakija kuifukua ukoo mzima unakusanyika watoto kwa wazee. Mimi nawapakulia huku naona watu na baba zao. Usiku nikampigia mama, alikuwa ndo ametoka eda ya miezi minne na siku kumi, haijapita muda mrefu, nikamwambia mama niache tulie tu leo, tusiulizane habari za salama. Tukalia pamoja kwenye simu mpaka salio likaisha.

Nilipopata likizo nikaenda Idi ya mwaka uliofuata. Kwetu wanawake hatuendi makaburini na wanaume, kaka zangu walitoka kuswali wakapita kumzuru baba, mimi nikakaa na mama na shangazi tukasoma Yasini. Watu wanadhani sikukuu ilikuwa imepoa kwa sababu mwaka ulishapita. Kwangu mimi ndo ilikuwa msiba wa kwanza. Kwa hiyo kama kuna ndugu yenu yuko nje na hakuwahi mazishi, akija Desemba mpeni nafasi, msimwambie sisi tulishalia tukamaliza.

Bibi wa Uru

Wanangu, mimi nimesoma yote mjukuu ananisomea na yeye ndiye anaandika. Mimi ni huyo mama mnayemsema. Mume wangu alifariki na watoto wakaja wote Desemba, nyumba ikajaa, wakapika, wakaimba, walinifanyia vizuri sana na Mungu awabariki. Koti la baba yao waliliacha palepale msumarini, walinisubiri mimi niseme, na hilo nalo lilinipa nguvu.

Lakini tarehe 2 Januari wakaondoka wote kwa asubuhi moja. Magari matatu. Nikarudi ndani nikakuta vikombe kumi na kitu mezani na hakuna mtu. Wakati wa msiba majirani walikuwa wanakuja, Januari majirani nao wana mambo yao, wanahangaika na ada. Mwezi ule ndio nilikonda, sio ule wa msiba.

Mwaka wa pili nikawaambia, msiondoke wote siku moja, gawaneni. Mmoja akaondoka tarehe 28, mwingine 2, binti wa mwisho akakaa wiki nzima zaidi, na mjukuu akabaki na mimi mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa, tukawa tunakata majani ya ng'ombe pamoja. Nililala vizuri.

Kijana wa Kibosho, nendeni wote. Na kabla hamjakata tiketi za kurudi, mpigie mama yako umuulize anataka nani abaki naye.